Rangi Haizimuliwi Ili Isikauke: Dhana Potofu Kuhusu Mandhari ya Kadi za Mkono

Wiki hii, kwa mara nyingine, nimeletewa bahasha ya kadi zilizoharibika. Dada mmoja wa hapa Dodoma, anayeandaa kadi za mwaliko wa sendofu ya mdogo wake, alizipanga mezani kwangu moja baada ya nyingine. Karatasi zilikuwa zimejikunja kama magome, na pale alipotarajia kuona alama za dodoki, lililopakwa rangi na kukandamizwa kwenye karatasi ili kupamba mandhari ya nyuma ya maandishi, palikuwa na madoa yaliyotanda, yenye kingo zilizokolea. Kabla sijamuuliza, alinieleza sababu ambayo nimeshaisikia mara nyingi mno: rangi ilikuwa inakauka haraka, kwa hiyo akaiongeza maji.

Dhana hiyo huharibu kadi nyingi kuliko nyingine zote ninazokutana nazo. Ni kweli kwamba rangi hukauka haraka hapa kwetu. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na wakati wa kiangazi hewa huwa kavu kiasi kwamba akriliki (rangi yenye chembe za plastiki ndani ya maji) iliyopakwa nyembamba hushika ndani ya dakika chache. Aliyejifunzia Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwingi, hudhani rangi aliyouziwa ni mbovu. Hata hivyo, dawa ya ukavu si kuizimua rangi. Akriliki, kama ilivyo rangi ya maji ya ukutani, hukauka pale maji yanapovukiza na chembe za plastiki zilizomo zikaungana kuwa utando mmoja. Maji yakizidi, utando huo huwa dhaifu, na rangi iliyokauka inaweza kuachia unga kidoleni. Zaidi ya hayo, rangi nyepesi haisimami: ukinyanyua kifaa, nafasi zilizopaswa kubaki wazi hujaa papo hapo, na maji yanapokauka huisukumia rangi pembeni, ndiyo maana doa hubaki na ukingo uliokolea. Karatasi nayo hunywa maji hayo, nyuzi zake huvimba upande mmoja, nayo hujikunja.

Kinachopaswa kuloweshwa ni kifaa. Kata dodoki kavu kwa upana upate kipande chenye unene wa kidole, kiloweshe, kisha kikamue mpaka kisidondoshe hata tone. Weka rangi kiasi cha kijiko cha chai kwenye sahani kuukuu, itandaze kwa sponji mpaka iwe nyembamba, na akiba yake ifunike kwa kitambaa kibichi. Gusisha dodoki kwenye rangi, lijaribu kwanza juu ya gazeti, kisha likandamize kwenye kadi kwa kiganja na kulinyanyua wima bila kuliburuta. Utaona matundu matatu katikati na wavu wa nyuzi kuyazunguka, kila uzi ukisomeka peke yake. Maliza kadi moja kabla ya kugusa nyingine. Mimi huanza saa 12 asubuhi, kabla jua halijapanda, na nawasihi wanaojifunza kwangu wafanye vivyo hivyo, hata wale wanaolalamika kwamba ni mapema mno.

Wapo wanaoamini kwamba kazi nzuri hudai vifaa maalumu vya dukani. Chanuo, uma, mfuko wa wavu wa vitunguu, kipande cha gunia la katani na boksi lililochunwa ngozi ya juu mpaka mifereji yake ikaonekana vinatosha kabisa. Fedha itumike kwenye karatasi, kwa sababu ile ya kuchapia ya gramu 80 kwa mita ya mraba haistahimili rangi hata ukiwa mwangalifu kiasi gani. Tafuta manila nzito, ya gramu 200 au zaidi.

Kuhusu chumvi, inayosifiwa kwamba huchora nyota kwenye rangi yoyote, ukweli ni kwamba hufanya hivyo kwenye rangi za maji za kuchorea, zikiwa bado zinang'aa kwa ubichi, kwa kuwa kila punje huvuta maji pamoja na rangi iliyomo. Kwenye akriliki nzito punje hunasa tu.

Kuanika kadi juani hakuharakishi chochote chenye faida. Upande mmoja hukauka kabla ya mwingine, karatasi hupinda, na upepo wa kiangazi hupandikiza vumbi kwenye rangi mbichi. Ikaushe ndani, na ikishakauka kabisa ilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha. Usiipige pasi upande wenye rangi, kwa maana akriliki hulainika kwa joto na hunata.

Mwisho, nasikia mara kwa mara kwamba uma uliotumika kwenye rangi ya maji ya ukutani ukioshwa vizuri unaweza kurudi jikoni. Hapana. Rangi ya ukutani hutiwa kemikali za kuzuia kuoza na ukungu, wala haikutengenezwa iguse chakula. Funga uzi mwekundu kwenye mpini wa uma huo, uuweke kwenye boksi la rangi, na mwenye nyumba ajulishwe kwamba hautarudi.