Kabla ya Kumfungia Mzazi Ndani kwa Kuogopa Ataanguka

Na mtaalamu wa fiziotherapia, Mtwara

Bibi mmoja wa Mikindani alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Baada ya miezi mitano ya mazoezi akawa anatembea kwa mkongojo. Siku hiyo kliniki nilikuwa namuuliza kama anafika chooni bila kushikwa, naye akanikatiza: "Mwanangu, bamvua lijalo nitaweza kushuka pwani?" Bamvua ni zile siku ambazo maji ya bahari hupwa na kujaa kupita kawaida.

Kijana wake aliyemleta akadakia, "Mama, hilo sahau." Mti wa mama wa kuchokolea pweza, kijana alikuwa ameshaupandisha darini.

Nilimwita kijana nje tukazungumza. Akaniambia neno ninalolisikia mara nyingi katika kazi hii: "Mama akianguka, watu watasema tumemtelekeza." Hofu hiyo ina uzito, kila anayemuuguza mzazi anaijua. Lakini tuangalie ni hofu ya nani. Mama mwenyewe aliogopa kingine kabisa: kukaa barazani akitazama wapita njia, wenzake wakirudi na ndoo kichwani, na yeye kusimuliwa habari za pwani kama mgeni.

Watu hudhani kukaa ndani ni usalama. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 65 na zaidi, kati ya 28 na 35 huanguka kila mwaka. Kuanguka kwingi hutokea nyumbani humo humo: usiku mtu akienda choo cha uani, kwenye kizingiti, kwenye sakafu iliyomwagikiwa maji, akiwa na ndala zilizolika, au akisimama ghafla ilhali anatumia dawa za presha. Tena asiyetembea misuli humwisha upesi. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka huo huo wa 2007, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Mzee tunayemzuia kutoka kwa kuwa miguu yake ni dhaifu, tunazidi kuidhoofisha, mpaka siku moja anaanguka akitoka sebuleni kwenda chumbani.

Basi tukarudi ndani tukamuuliza mama anafuata nini huko pwani. Wala hakuwa na haja na pweza. Alitaka kuwa na wenzake, arudi na chochote mkononi. Hapo kazi ikawa nyepesi. Pweza yuko mwambani, na mwamba una mwani unaoteleza. Kombe, wale viumbe wa baharini wenye magamba, ziko mchangani, mguu unakanyaga ukashika. Unyayo wake wa kushoto una ganzi, gamba la chaza lingemkata asihisi, kwa hiyo avae raba za kufunga na akirudi akague nyayo. Siku za bamvua huku kwetu maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, mwanga upo. Ila kati ya kupwa na kujaa tofauti inapita mita 3, na yakigeuka hayasubiri mtu wa mkongojo. Tukakubaliana ageuke maji yakiwa bado yanatoka. Na wawili kati ya wenzake wakae karibu, wajue kumwinua kwa kumshika kiunoni. Wasimvute mkono uliolegea, kwa sababu bega la mgonjwa wa kiharusi huteguka kwa urahisi. Hilo la bega natamani kila nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi ilijue, awe anakwenda pwani au haendi.

Wapo pia vijana walioanguka kutoka juu ya minazi na miembe, wakaumia uti wa mgongo, na sasa wanataka kwenda uwanja wa Nangwanda Sijaona kutazama mpira. Waende. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zile dakika 90 za kukaa bila kusogea. Ngozi isiyohisi hukandamizwa, na kidonda kinachoanza hivyo huchukua miezi kupona. Kila dakika 15 hadi 30 ajinyanyue kwa mikono kwenye kiti mwendo, au rafiki amwinamishe mbele kidogo.

Yapo ninayoyakataa. Mwenye kifafa kisichotulia asiingie majini peke yake, wala asiendeshe bodaboda, maana huyo anabeba na roho ya abiria. Aliyepungukiwa kumbukumbu hata haijui njia ya kurudi anahitaji wa kuongozana naye.

Mwenye akili timamu, uamuzi ni wake. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataja utamaduni, burudani na michezo. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Mtoto ana haki ya kushauri na hata kugombana na mama yake, lakini si kumfichia vitu vyake.

Bibi alishuka. Mara ya pili aliteleza akachubuka goti, na kijana akaja kliniki amekasirika. Sikumlaumu. Tukazitazama zile raba: soli zilikuwa zimelika, zimekuwa laini kama kiganja. Wakanunua nyingine. Bamvua lililofuata bibi aliniletea kombe kwenye kopo la maziwa, akaniagiza nizichemshe siku hiyo hiyo zisije zikaharibika.