Python mpya haidai ya zamani iondoke

Wanafunzi wengi wa kompyuta Kampala huamini kwamba ili kuweka toleo jipya la Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu, lazima kwanza ufute la zamani. Sivyo. Kila toleo lina faili lake, mfano /usr/bin/python3.10, na maktaba zake kando. Amri ya python3 ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye toleo la mfumo.

Ubuntu 22.04 hutegemea Python 3.10. Ukiifuta, apt (chombo cha Ubuntu cha kuweka na kufuta programu) huondoa pia programu zinazoitegemea, pengine hata skrini ya madirisha, na kuzirudisha kunakula bando. Jionee mwenyewe: andika kwenye terminal apt-get -s remove python3; hiyo -s ni ya kujaribu tu. Orodha itatokea, hakuna kitakachofutwa.

Kiungo cha python3 nacho usikiguse. Weka python3.11 na python3.11-venv, kisha ndani ya folda ya mradi andika python3.11 -m venv mazingira, upate folda iitwayo mazingira yenye Python 3.11 ya mradi huo peke yake.