Mwarobaini, povu la mti wa Chile na chanjo ya kansa

Kila nikikatiza soko la Mbuyuni hapa Moshi sikosi mtu anauza magome anasema yanatibu kansa, na wakijua nafanya kazi maabara swali ndo lilelile, eti dokta si mnasema wenyewe kuna chanjo zinatengenezwa kwa miti? Kweli zipo, ila tuelewane mti unaingiaje humo.

Chanjo nyingi zina kipande cha adui na kichochezi, kitaalamu ajuvanti. Sasa chukulia mwizi mtaani. Akiwa mgeni, mmoja akipiga yowe watu wote wanatoka na marungu. Ila kansa ni mwizi mtoto wa palepale, kakulia humo, mbwa hawambwekei, maana ni seli yako mwenyewe imeharibika. Ukidunga kipande chake peke yake askari wa mwili wanakiangalia wanapita zao. Kichochezi ndo yowe.

Na sio jambo la jana. Miaka ya 1920 Mfaransa Gaston Ramon aligundua farasi waliotunga usaha pale walipochomwa sindano ndo wanatoa kinga nyingi, akaanza kuchanganyia chanjo vitu vya kuuchokoza mwili ikiwemo tapioka, yani wanga wa muhogo, huu huu.

Leo maarufu ni QS-21, inatoka kwenye magome ya mti wa Quillaja saponaria wa Chile, magome ambayo wenyeji wanafulia kama sabuni. Ni saponini, ukiitikisa kwenye maji inatoa povu. Imo kwenye Shingrix, chanjo ya mkanda wa jeshi, na kwenye RTS,S ya malaria ambayo ilijaribiwa mpaka Korogwe na Bagamoyo kwetu, WHO wakaipitisha 2021. Dozi ya Shingrix ina mikrogramu 50 tu, punje moja ya sukari ni nzito kuliko hiyo! Maana saponini ikiingia hovyo kwenye damu inapasua seli nyekundu, kwahiyo inachujwa sana halafu inafungwa kwenye vitone vya mafuta vyenye kolestro kuipunguza ukali. Sufuria la nyumbani haliwezi kazi hiyo.

Upande wa kansa tusidanganyane. Chanjo ya kansa iitwayo MAGE-A3 ya kampuni ya dawa ya GSK ilikua na QS-21 kwenye mchanganyiko wake, ikajaribiwa kwa wagonjwa wengi wa kansa ya mapafu na ya ngozi, kinga ikaamka kweli lakini kansa ikarudi vilevile, 2014 wakaachana nayo. Yowe lilisikika, ila uvimbe una ujanja wa kuwazima askari mlangoni, ndo maana siku hizi chanjo hizi zinajaribiwa pamoja na dawa za kuachia breki za kinga.

Na mwarobaini je? Watafiti wa Kolkata, India, wamechuja protini yenye sukari kwenye majani yake na imesaidia panya. Panya! Tena kwa sindano, sio kikombe cha majani yaliyochemshwa.

Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi, yenyewe imeshatoka kwenye majaribio, ilianzia mkoani kwetu Kilimanjaro 2014, nchi nzima 2018, sasa ni dozi moja kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14, na kichochezi chake ni chumvi ya alumini, hamna mti hapo. Na kama unakunywa mwarobaini huku uko kwenye kemo, yani dawa kali za kuua seli za kansa, mwambie daktari wako, wengine wanafoka najua, ila mwambie tu maana mitishamba inaweza kugongana na dawa.