Makazi kama sehemu ya tiba ya VVU: maana yake

"Makazi ni tiba." Ukiusikia juu juu msemo huu, utadhani ni kauli ya jukwaani. Kwa wanaohudumia watu wanaoishi na VVU una maana mahususi: kodi ya nyumba na dawa vinafuatiliwa kwa pamoja, na anayemuuliza mgonjwa kama amemeza dozi zake anamuuliza pia kama mwenye nyumba amelipwa.

Dawa zenyewe siku hizi ni nyepesi, mara nyingi kidonge kimoja kwa siku. Kazi iko kwenye mahali pa kukiweka. Anayelala kwenye bweni la wasio na makazi analala na watu arobaini ukumbini. Kopo la vidonge hulia ukilitikisa, na lebo yake inataja kila kitu. Basi anavihamishia kwenye karatasi laini, mfukoni, ambako vinapata unyevu na jasho. Begi likiibwa, dawa za mwezi zimekwenda. Foleni ya kitanda nayo huanza alasiri, saa zile zile za kliniki, na mtu atachagua kitanda. Dozi zikikatika hivyo, virusi vinazaliana upya na vingine vinajenga usugu. Nchini Marekani kipimo cha kufanikiwa ni wingi wa virusi chini ya nakala 200 kwa mililita moja ya damu. Anayebaki hapo haambukizi mwenziwe kwa ngono, kwa hiyo chumba cha mmoja kinawalinda wengine pia.

Marekani ndiko dhana hii ilikopata sheria yake. Mwaka 1990 Bunge lilianzisha mpango wa HOPWA, chini ya wizara ya nyumba na maendeleo ya miji, kwa watu wenye VVU wa kipato cha chini, yaani kisichozidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lao. Hazigawiwi nyumba za bure, kama wengi wanavyodhani. Mpangaji kwa kawaida huchangia asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato yanayokubalika, na mpango hulipa sehemu iliyobaki. Kipato hicho kikiwa dola 1,000 kwa mwezi na kodi dola 1,100, yeye anatoa 300, mpango 800. Aliye tayari kwenye nyumba ila amekwama anaweza kulipiwa kodi, mkopo wa nyumba au bili za umeme na maji kwa wiki zisizozidi 21 katika kila wiki 52. Anayeanza upya anaweza kulipiwa amana, isiyozidi kodi ya miezi miwili.

Faili hufunguliwa kwa uthibitisho wa maambukizi, ushahidi wa kipato na mkataba wa pango. Nyumba nayo inakaguliwa kabla ya kulipiwa.

Mambo huharibika wapi? Mara nyingi kwenye kodi: viwango vya kodi ambavyo mpango unakubali kulipia huachwa nyuma na bei ya soko, na mtu anazunguka na kibali chake cha kulipiwa kodi bila kupata mwenye nyumba anayekipokea. Kwingine ni uzembe mdogo wenye madhara makubwa. Hundi ya kodi ikitoka kwenye akaunti yenye neno UKIMWI katika jina lake, siri ya mpangaji imeshatoka, ingawa sheria inataka itunzwe. Na mgonjwa akifariki, familia iliyobaki haifukuzwi papo hapo: hupewa muda wa kujipanga, usiozidi mwaka mmoja. Jambo hili wengi hawalijui, wanahama kabla ya kuuliza.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako mpangaji anaweza kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ufa hutokea siku ya kuhama. Mtu anahamia kwa ndugu mkoa mwingine, kadi yake ya kliniki imebaki kule, dawa zinamwishia njiani. Kabla ya kufunga mizigo, apite kituoni achukue barua ya uhamisho yenye majina ya dawa anazotumia na majibu ya mwisho ya wingi wa virusi, na aombe dawa za kumvusha hadi atakaposajiliwa kituo kipya.