Je, wajua? Kwa nini jengo moja jipya la apatimenti hurefusha safari ya mtaa mzima

Hadi mwaka juzi, kati ya avenyu yetu hapa Lubumbashi na barabara ya lami zinakopita teksi-basi, palikuwa na lupango tupu. Lupango ndivyo tunavyoita kiwanja cha mtu mjini kwetu. Katikati yake kilisimama kichuguu kirefu kuliko mtu, vile vichuguu vya udongo mwekundu ambavyo mgeni wa Katanga huviona kabla hajauona mji wenyewe. Njia ya miguu iliingilia kona moja, ikakizunguka kichuguu upande wa kivuli, ikatokea kona ya pili. Hakuna aliyeichora. Nyayo ndizo zilizoichimba: watoto wa shule wenye mashati meupe na sketi au suruali za buluu, mama mwenye beseni la maandazi kichwani, baba wa makala, yaani muuza makaa, akisukuma baiskeli yenye magunia matatu huku ameinamisha bega. Wakati wa mvua, udongo ulipoteleza, mtu fulani alitupanga vipande vya tofali tukanyage.

Kisha mwenye lupango akaanza kujenga. Kichuguu kilitangulia kuondoka. Udongo wake hutoa matofali mazuri, kwa hiyo ulichimbwa, ukafyatuliwa na kuchomwa palepale, na matofali hayo yakapandishwa ukuta wa kuzunguka. Leo ndani yake kuna ghorofa nne za apatimenti, geti la chuma, na zamu anayelinda mchana na usiku. Safari yetu ya dakika mbili kwenda kupanda teksi imekuwa ya dakika saba.

Mwenye lupango hakuvunja sheria. Amejenga kwake, na amejenga vizuri. Lakini jengo lake moja limebadilisha mwendo wa watu ambao hawatapanda ngazi zake hata siku moja, na sababu zake si zile zinazosemwa kila siku barazani.

Kila mtaa una ramani mbili. Ya kwanza iko kwa mafundi wa kadasta, wanaopima na kuandikisha viwanja: malupango, namba, avenyu. Ya pili iko miguuni mwa watu. Ramani hii ya pili hupita penye uwazi wowote, iwe ni kiwanja kisichojengwa, ua wa kanisa, au mwanya kati ya kuta mbili. Kwa miaka mingi zinaishi pamoja bila ugomvi, kwa sababu mji una mapengo. Kazi ya jengo jipya ni kuziba pengo. Ramani ya kadasta haibadiliki hata mstari mmoja, ila ile ya miguu inapoteza njia, na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba kuna kitu kimepotea.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mpango wake, uliosimamiwa na Émile Wangermée, ulikuwa wa avenyu zilizonyooka zinazokatana kama mistari ya daftari la hesabu. Pita kati ya Mama Yemo, Kasai, Tabora na Lomami utaona faida yake: ukiikuta njia imefungwa kwa mazishi au kwa lori lililokwama, unageuka kona inayofuata na safari inaendelea. Lakini watawala walewale walijua pia kutenganisha. Kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, ambao leo ni Kamalondo, waliacha ukanda mtupu wa mita mia kadhaa ili miguu isichanganyike ovyo. Nautaja ukanda ule kwa sababu unaonyesha kwamba kukutana au kutokukutana kwa njia ni uamuzi. Hata pale ambapo hakuna aliyekaa kuamua, matokeo ni yaleyale.

Sasa chukua karatasi. Chora vitalu vinne kwa vinne, yaani 16, na njia kati ya kila kitalu na mwenzake. Simama kona ya chini kushoto na utake kufika kona ya juu kulia bila kurudi nyuma. Kuna namna 70 tofauti za kwenda, zote zenye urefu uleule. Sasa mtu anunue vitalu vinne vya katikati, avizungushie ukuta mmoja, ajenge mji mdogo wa apatimenti ndani. Zile namna 70 zinabaki 34. Zaidi ya nusu zimekufa, ingawa kilichofutwa ni vipande vinne tu vya njia na njia panda moja.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Anayetoka kona hadi kona, hasa mwenye gari, haoni tofauti: safari yake ina urefu uleule wa zamani. Anachopoteza ni chaguo, na chaguo hulihisi siku ya foleni tu. Mwenye hasara ya kweli ni yule anayekaa ubavuni mwa ukuta, akiwa na shule au kisima upande wa pili. Ikiwa kila kitalu kina mita 100, zamani alitembea mita 200 moja kwa moja. Sasa anauzunguka ukuta: mita 400. Akienda na kurudi mara mbili kwa siku, ameongezewa mita 800. Kwa siku 300 za mwaka hizo ni kilomita 240, karibu sawa na kutoka hapa kwenda mji wa Likasi na kurudi kwa miguu. Jirani yake mwenye gari atakwambia, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba ujenzi ule haukumwathiri mtu.

Ndiyo maana wapangaji wa miji huhesabu njia panda. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, linashauri kila kilomita ya mraba ya mji iwe na angalau kilomita 18 za barabara, na barabara hizo zichukue si chini ya asilimia 30 ya ardhi. Kilomita hizo zinaonekana nyingi hadi upige hesabu. Vitalu vya mita 100 vinatoa kilomita 20 za njia na njia panda 100 hivi katika kilomita moja ya mraba. Viunganishe viwe vya mita 200, utabaki na kilomita 10 na njia panda 25. Ukubwa wa kitalu umeongezeka mara mbili kwa upande, lakini njia panda zimepungua mara nne.

Hayo ni ya njia zinazofutwa. Kuna na zile zinazobaki.

Lupango ya zamani katika mitaa kama Golf au Bel-Air ilikuwa na nyumba moja, vyumba vya uani na mwembe. Familia moja, pengine mbili. Jengo la ghorofa nne linaweza kuweka familia 16 palepale. Tatizo si wingi wao. Tatizo ni kwamba lupango inatazama avenyu moja, na ina geti moja. Nyumba 16 za kawaida zingekuwa zimetawanyika, kila moja na mlango wake, baadhi zikitokea huku na nyingine kule. Hizi zinamiminika mahali pamoja saa moja asubuhi: magari, pikipiki za manseba, yaani za teksi, zilizoitwa na wapangaji, mtoto anayekimbilia shule. Avenyu yenyewe haikuongezwa hata mita. Jengo lilelile likiwa kwenye kona, na mlango wa kila upande, mzigo wake ungegawanyika mara mbili bila mtu kutumia faranga ya ziada kwenye barabara.

Kisha kuna ukataji wa malupango makubwa. Mwenye kiwanja kirefu anauza nusu ya nyuma, na mnunuzi anapewa kichochoro cha kumfikisha huko. Kichochoro kinaingia, hakitokei. Mjomba wangu, aliyefanya kazi ya umeme katika mitaa mingi, aliniambia kitu ambacho sijakisahau: mtaa wa njia zinazokatana ni wavu, mtaa wa vichochoro visivyotokea ni tawi. Ukikata uzi mmoja wa wavu, wavu bado unashika samaki. Ukikata tawi, kila jani la mbele yake linanyauka. Lori la saruji likizama kwenye mdomo wa kichochoro cha namna hiyo, nyumba zote za ndani zimefungwa: mgonjwa hatoki, gari la zimamoto haliingii.

Na ukuta wenyewe una lake. Avenyu yenye milango, kibanda cha kuuzia muda wa simu na mama wa maandazi, hata usiku mtu huipita bila wasiwasi, maana kuna macho. Ukuta mtupu wa mita 80 hauna macho. Dada zangu wanaupita kwa haraka, au wanachagua njia ndefu zaidi penye taa. Kwa hiyo njia inaweza kuwa wazi kwenye ramani na bado ikawa imefungwa kwa nusu ya watu kuanzia saa moja jioni. Jengo lile lile likiwa na maduka mawili chini, yanayotazama barabara, hali ni tofauti kabisa.

Niseme pia kuhusu maji, kwa ufupi: njia ya miguu ya pale kwenye kichuguu ilikuwa pia njia ya mvua. Mvua kubwa ya kwanza baada ya ukuta kukamilika iliingia jikoni mwa jirani.

Wapo wanaosikia haya wakahitimisha kwamba maghorofa ni adui. Mimi sikubali. Lubumbashi imejitanua mno pembeni, kule Annexe, ambako mtu analipa teksi mbili kufika mjini na mbili kurudi. Familia 16 zikikaa karibu na soko, shule na kituo cha basi, hizo ni safari ndefu nyingi zilizookolewa, na mama wa maandazi anapata wateja mlangoni. Ghorofa ni jema. Kinachouma ni kwamba tunajenga juu huku tukifunga chini, na watu wengi zaidi wanagawana njia chache zaidi.

Je, sheria inasema nini? Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inajua haki ya njia: aliye na kiwanja kilichozungukwa na vya wenzake, kisicho na mahali pa kutokea, anaweza kudai kupitishwa. Lakini sisi wa njia ya mkato hatujazungukwa. Tunayo njia nyingine, ila ni ndefu. Kwa hiyo haki ile haitufikii, na ndiyo sababu jambo hili lazima lizungumzwe wakati jengo bado ni mchoro. Baada ya msingi kumwagwa zege, hata mwenye moyo mwema hawezi kuuvunja.

Na kufunga kwa magari hakulazimu kufunga kwa miguu. Huko Radburn, jimbo la New Jersey nchini Marekani, mwaka 1929 walianza kujenga mtaa ambao njia nyingi za magari hazitokei, kwa makusudi. Lakini nyuma ya nyumba waliacha njia za watembea kwa miguu zilizoungana, zikipita hata chini ya barabara, ili mtoto afike shule bila kukutana na gari. Dereva anazunguka, mtoto ananyoosha. Kwetu mara nyingi ni kinyume.

Mwezi uliopita, mwisho wa avenyu yetu, kamba na vigingi vilionekana kwenye lupango nyingine tupu iliyokuwa na njia ya mkato. Safari hii hatukungoja. Shefu wa avenyu alikwenda na kina mama wanne kumwona mwenye mali kabla ya kuchimba msingi. Alisikiliza, akauliza nani atasafisha hicho kichochoro, akaahidiwa, kisha akakubali kusogeza ukuta na kuacha mita moja ubavuni. Mita moja ilionekana ya kutosha hadi baba wa makala alipofika na baiskeli yake. Hakusema neno. Aliisukuma taratibu kati ya kamba na ukuta wa jirani, na gunia likaiburuta kamba. Mwenye mali akatazama, akamwita fundi. Kigingi kiling'olewa, kikapigwa upya, baiskeli ikajaribiwa tena, kikang'olewa mara ya pili. Kamba ilipoacha kuguswa, fundi alipima: mita moja na nusu. Akaiandika kwa penseli kwenye kipande cha bati na kukitia mfukoni.