Kiota cha mavu mwembeni: kiondoe usiku, bila moto

Simu za mavu huanza kuingia maembe yanapoiva. Ngowe na boribo zikianguka uani na kupasuka, mavu hufuata utamu, mwenye nyumba anainua macho, na hapo ndipo anapokiona kiota ambacho kimening'inia juu ya kichwa chake kwa miezi. Swali la kwanza huwa lile lile: nichome?

Usichome. Kazi yangu ni kuondoa wadudu majumbani hapa Mombasa, toka Likoni hadi Bamburi, na majeraha mabaya niliyoyaona katika kazi hii mengi yametokana na moto na ngazi, si mavu wenyewe.

Njia ya mtaani inajulikana: ufito mrefu, kitambaa kilichofungwa kwenye ncha, mafuta ya taa, kiberiti. Moto ukifika chini ya kiota, kiota kinawaka mara moja kwa sababu ni karatasi tupu. Baadhi ya mavu wanaanguka, waliosalia wanaruka wakiwa wazima na wamechokozwa, na aliyeshika ufito hawezi kukimbia kwa sababu mikononi ana moto. Matone ya mafuta yanadondoka yakiwaka juu ya majani makavu. Hapo jirani pana banda la makuti, kama si lako basi la mwenzio, na makuti yaliyokaushwa na upepo wa kaskazi hayahitaji zaidi ya cheche moja. Kesho yake mavu waliookoka wanarudi kwenye tawi lile lile na kuanza kujenga upya.

Wengine hurusha petroli bila kuiwasha, wakidhani ndiyo salama. Mvuke wake unaweza kushika moto kutoka kwa jiko lililo mbali kidogo na mti. Isitoshe, kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojaa vitundu, na nyumba nyingi bado zinateka maji ya kisima. Unachomwaga uani leo hakikai uani.

Kabla ya kuchagua dawa, mtambue aliyejenga. Simama mbali, angalau hatua kumi, upige picha kwa simu na kuikuza. Usitikise tawi, usirushe jiwe ili uone watakaotoka.

Ukiona sega la kijivu lililo wazi, vijumba vyake vimetazama chini, limening'inia kwa kikonyo chembamba, hao ndio mavu wetu wa kawaida. Wenye kiuno kirefu chembamba na miguu inayolegea chini wanaporuka wataalamu huwaita Belonogaster. Hukwangua nyuzi za mbao kavu, ua wa zamani au mlango usiopakwa rangi, wakazitafuna na mate hadi zikawa karatasi. Kile kikonyo hawakukifanya chembamba bure. Adui yao mkubwa ni sisimizi, na njia ikiwa moja na nyembamba ni rahisi kuilinda. Kwa mwenye kutaka kukiondoa kiota, kikonyo hicho ni habari njema, maana kila kitu kimeshikiliwa mahali pamoja.

Ukiona bonge la majani mabichi yaliyoshonwa kwa nyuzi nyeupe, hilo si la mavu. Ni majimoto, wale chungu wekundu ambao kila aliyepanda mwembe utotoni anawakumbuka. Nyuzi zile hutoka kwa watoto wao wenyewe, ambao wakubwa huwashika mdomoni na kuwapitisha jani hadi jani. Wanauma, lakini tafadhali waache. Majimoto huwinda kunguni wafyonzao nazi changa na korosho, na mnazi wenye majimoto mara nyingi huzaa vizuri kuliko usio nao. Nimeitwa mara nyingi kuwaua, na kila mara nimemwomba mwenye shamba afikirie tena.

Vijumba vya udongo kwenye ukuta au chini ya dari ni vya nyigu anayeishi peke yake. Hujaza buibui aliowapooza, akataga yai, akafunga na kuondoka. Hana jeshi la kulinda kiota. Kwangua kwa kisu ukitaka ukuta safi.

Na ikiwa wadudu wanaingia na kutoka kwenye tundu la shina, au wamerundikana tawini bila kiota chochote, hao ni nyuki, na hapo usitumie dawa kabisa. Kundi lililotua tawini mara nyingi ni la wasafiri na huondoka lenyewe baada ya siku chache. Waliokwisha kukaa shinani ni kazi ya mrina asali au mfugaji wa nyuki. Nyuki wetu wa Afrika wakichokozwa hutoka kwa wingi na kumfuata mtu mbali. Wakikuandama, funika uso na ukimbilie ndani ya nyumba, ufunge mlango. Usijitumbukize majini, kwani watakungoja utoe kichwa.

Siku hizi watu hunitumia video za viota vikubwa vya mviringo kama mpira, wakiuliza kama ndivyo vyao. Vile ni vya mavu wa Ulaya na Asia, akiwemo yule wa Asia aliyegunduliwa Ufaransa mwaka 2004 na ambaye huwala sana nyuki. Sisi hatuna hao. Kwa hiyo ushauri wa kule wa kungoja baridi iwaue hauna maana hapa, kwani hata usiku wa Julai Mombasa kipimo hukaa karibu nyuzi 20.

Je, ni lazima kukiondoa? Mara nyingi, hapana. Mavu huwalisha watoto wao viwavi waliosagwa, na mwenye mchicha na sukuma wiki uani anafaidi bila kulipa. Mteja wangu mmoja wa Kisauni, mama mtu mzima, aliniambia, "Mwanangu, waondoe wote, hata wale wa juu kule." Nikamjibu, "Mama, wale wa juu ya mkungu hawana habari na wewe. Hawa walio karibu na kamba ya nguo ndio wa kuondoka leo." Alikubali, na wa juu wakaachwa.

Kiota cha kuondoa ni kilicho karibu na mlango, kisima, njia ya choo, bembea ya watoto, au nyumbani kwa mtu ambaye mwili wake humenyuka vibaya akiumwa. Na mti wowote utakaopandwa. Hili nalisisitiza kwa sababu ya wakwezi. Mkwezi akiumwa usoni akiwa katikati ya mnazi huachia mikono bila kupenda. Kabla hajapanda, zunguka mti wote na kuangalia chini ya makuti. Hilo ni jukumu la mwenye mti, si la mkwezi peke yake.

Kazi yenyewe hufanywa usiku. Mchana nusu ya mavu wako matembezini, na watarudi wakute nyumba haipo. Usiku karibu wote wako nyumbani, wametulia, na hawaoni vizuri. Hapa Mombasa giza huingia karibu saa moja mwaka mzima, kwa hiyo saa mbili, watu wametoka Isha, ni wakati mzuri. Watoto, paka na kuku wawe ndani, madirisha yafungwe, kisima na mitungi ifunikwe, na njia ya kuondokea isiwe na ndoo wala kiti. Vaa nguo nene za rangi nyepesi, suruali ndani ya soksi, glavu, na kofia ya wavu ya warina asali. Tochi ifunike kwa karatasi ya plastiki nyekundu, kwani mwanga mwekundu mavu hawauoni vizuri, na uiweke chini mbali nawe. Mavu anayeruka gizani hufuata taa, na hutaki taa hiyo iwe mkononi mwako.

Kwa kiota kidogo, kinachofikika ukiwa umesimama chini, maji ya sabuni yanatosha: vijiko viwili vya sabuni ya maji kwa lita moja, kwenye bomba la kupulizia lenye nguvu. Wadudu hupumua kwa matundu madogo ubavuni, na sabuni huyaziba. Kiloweshe kiota chote bila kusita, kisha uondoke.

Kwa kikubwa zaidi natumia dawa ya pareto, ua linalolimwa kwetu bara, kwa sababu huangusha haraka na haikai muda mrefu juani. Dawa za jamaa yake zilizotengenezwa viwandani, kama saipamethrini na deltamethrini, hukaa zaidi lakini ni sumu kali kwa samaki. Usimwage masalio kwenye mtaro unaoteremka baharini. Kopo lolote liwe na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu. Chupa ya soda iliyotiwa dawa isiyo na jina usiinunue hata kwa bei ya bure.

Ngazi, hapana. Gizani, ukiwa umevaa glavu na mavu wanaruka, ngazi ni hatari kuliko kiota. Kisichofikika kwa ufito wa bomba kutoka chini mwachie mwenye vifaa. Na tawi likigusa nyaya za stima, usipulize maji wala usiinue ufito.

Akiumwa mtu, osha kwa maji na sabuni, weka barafu, mpe dawa ya maumivu. Mavu haachi mwiba kama nyuki, kwa hiyo anaweza kuuma tena na tena. Uvimbe wa siku mbili ni kawaida. Lakini vipele vikitapakaa mwilini, midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, au mtu akiona kizunguzungu na kutapika, usingoje kuona itakuwaje. Anahitaji sindano ya adrenalini, na dakika zina thamani. Mkimbize hospitali iliyo karibu au piga 999 au 112. Kitunguu na ndimu ni vya baadaye.

Asubuhi rudi ukiwa bado umevaa. Kata kikonyo, tia kiota kwenye mfuko na ukifunge, kwani kuku akila watoto wa mavu waliopuliziwa dawa ataila dawa pia. Kwangua kisiki cha kikonyo hadi gome lionekane, uoshe kwa sabuni. Kwa siku kadhaa utaona mavu wachache wakizunguka tawi lile. Hao ni waliolala nje, na wasipopata nyumba hutawanyika. Kisha kila wiki, alfajiri, tazama chini ya matawi na mapaa. Kiota kipya huanza na vijumba vichache na mavu mmoja au wawili tu, na wakati huo kinaondoka kwa ufagio wa mpini mrefu.