Ripoti ya KPSEA Haina Nambari ya Mtoto Darasani

Kila ripoti za KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, zinapotolewa, sisi maafisa wa ubora wa elimu hapa Nairobi hupokea malalamiko ya aina mbili. Wapo wazazi wanaosema shule imewaficha nafasi ya mtoto. Wapo pia wanaosema mtihani wenyewe haumwangushi mtu, basi wahangaike kwa nini. Nawaandikia wote.

Hakuna nafasi iliyofichwa. KCPE, mtihani wa zamani wa Darasa la Nane uliotoa alama, ilianza 1985 na ikafanywa mara ya mwisho 2023. KPSEA, iliyoanza 2022, haikuja kuwa KCPE nyingine. Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, halitoi orodha ya shule bora wala ya watahiniwa bora wa Gredi ya 6. Nimelieleza hili katika mikutano ya wazazi kuanzia Kasarani hadi Dagoretti, na bado mkono wa kwanza kuinuka huuliza shule ya kwanza ilikuwa ipi. Orodha ya namna hiyo ikikufikia kwenye kundi la WhatsApp la darasa, jua kuna mtu ameketi akaitunga.

Mama mmoja alifika ofisini akiwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na matokeo ya KCPE ya kifungua mimba wake na ripoti ya binti yake wa Gredi ya 6. Akazilaza mezani sambamba na kuniomba nimgeuzie herufi za binti ziwe alama, apate kuwalinganisha. Nilimwambia haiwezekani. Kisha nikamwomba binti, ambaye alikuwa ameandamana naye, anionyeshe daftari la Hisabati, kwa sababu hapo ripoti ilisema AE, yaani kukaribia matarajio.

Ukurasa wa tatu ulinitosha. Alikuwa amejumlisha robo tatu na nusu akaandika 4/6: kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Katika ukurasa huo huo alikuwa amerudia hivyo mara sita, na kila mara mwalimu alikuwa ametia alama nyekundu ya kosa bila neno. Nilimuuliza: ukiwa na robo tatu ya chapati, nikikuongezea nusu nyingine, utakuwa na zaidi ya chapati nzima au pungufu? Akajibu haraka, "Zaidi." Nikamwonyesha 4/6 yake. Akaitazama kwa muda, akaniomba kalamu. Mtoto huyu hakuwa mzito wa Hisabati. Alikosa hatua moja, ya kutafuta asili inayofanana kabla ya kujumlisha, na hakuna aliyekaa naye akamwonyesha. Alama 318 au nafasi ya 12 isingemwambia mamake jambo hilo.

Ndiyo maana ripoti hutumia viwango. EE ni kuzidisha matarajio, ME kufikia matarajio, AE kukaribia matarajio, na BE mbali na matarajio. AE si kufeli. Narudia kwa sababu nimeona watoto wakichapwa kwa AE: si kufeli. Ni kusema mtoto amefika karibu, na kuna mahali mahususi panapomkwaza. Kazi ya mzazi ni kumuuliza mwalimu mahali hapo ni wapi.

Kwa wale wanaosema mtihani huu hauna maana: ni kweli kwamba kila mtoto anavuka kwenda Gredi ya 7, lakini matokeo yanahesabiwa. Tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 huchangia asilimia 20 kila moja, na karatasi za KPSEA asilimia 40. Mtoto akifika Gredi ya 9, KPSEA hiyo humfuata: inachangia asilimia 20 ya alama za kumpangia sekondari ya juu, tathmini za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, asilimia 60. Waliofanya KPSEA ya kwanza 2022 ndio waliofanya KJSEA ya kwanza 2025. Kwa hivyo mradi wa Gredi ya 4 ambao mzazi alimfanyia mtoto usiku wa manane akidhani anamsaidia ulikuwa sehemu ya safari hiyo, na mtoto hakujifunza lolote kutokana nao.

Sasa utaratibu, ambao wengi huupuuza hadi mambo yaharibike. Mtoto husajiliwa na KNEC akiwa Gredi ya 3 na kupewa nambari ya tathmini, na nambari hiyo ndiyo inayobeba alama zake. Ukimhamisha, tuseme kutoka Mathare kwenda Embakasi, shule mpya ipewe nambari hiyo hiyo. Asisajiliwe upya. Hakikisha jina shuleni linafanana na la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Wanjiku na Wanjiko ni watu wawili kwenye mfumo. Alama za tathmini za shuleni huingizwa na shule kwenye tovuti ya KNEC kabla ya tarehe ya mwisho, na ripoti hupakuliwa na mwalimu mkuu. Mzazi hawezi kuipakua kwa simu yake, na anayekuitisha pesa ili akupatie "matokeo ya mapema" ni tapeli.

Na sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inakataza kumrudisha mwanafunzi darasa. Kifungu cha 36 kinakataza adhabu ya viboko na mateso ya akili: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu cha 37 kinakataza tuisheni ya likizo, na hapo kifungo kinaweza kufika mwaka mmoja, faini ikiwa hiyo hiyo. Wazazi wanaochangisha pesa za tuisheni ya Agosti na kumsukuma mwalimu mkuu akubali wakumbuke wanamsukuma wapi. Anayepata karatasi za mtihani na kufichua yaliyomo, Sheria ya KNEC ya 2012 inaruhusu kifungo hadi miaka kumi, faini hadi shilingi milioni mbili, au vyote viwili.

Ukiwa na ripoti mkononi, nenda kwanza kwa mwalimu wa somo ukiwa na daftari la mtoto. Alama ya tathmini ya shuleni ikikosekana, mwone mwalimu mkuu na umwombe akuonyeshe kilichoingizwa. Asipokusikiliza, njoo ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ukiwa na nambari ya tathmini, nakala ya cheti cha kuzaliwa na ripoti yenyewe. Mtoto naye mje pamoja, na daftari zake.